Koti la Kuombea Kazi

Tangu utoto sipendi kuambiwa nivae nini. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga alipotaka kunifunika kitambaa nikakipiga teke. Sijui kama ni kweli, maana mama alikuwa na hadithi ya namna hiyo kwa kila tabia yangu mbaya. Ninachojua ni kwamba mwaka ule nilipokwenda kuomba kazi ya ukarani kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, watu wanne walinipa shauri la nguo, na niligombana na wote wanne.

Ilikuwa miaka ya thelathini. Reli ya kwenda Mwanza ilikuwa imeshapita Shinyanga, na habari za dhahabu zilisikika kila mahali, hata kwetu karibu na Mhunze, ambako ukichimba hupati kitu ila udongo mweusi wa mbuga. Vijana wengi walikwenda kushika sururu. Mimi sikutaka sururu. Nilikuwa nimesoma misheni miaka minne, mwandiko wangu ulisifiwa, na nilijiona mtu. Siku moja dereva wa lori la Mhindi aliyekuwa akipeleka unga na chumvi migodini alinieleza kwamba mgodi mmoja unatafuta karani wa kuandika namba kwenye vifuko vya mawe ya kupimwa. Mshahara sikuuliza. Niliuliza kama kazi hiyo ina nyumba.

"Ipo," akasema. "Chumba kimoja, bati juu, jiko nje."

Nyumba ndiyo niliyoitaka, na niliitaka kwa ajili ya mama.

Baba alikuwa amefariki mvua zilizotangulia, kwa ugonjwa wa kifua. Kwa desturi ya ukoo wetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na aliyesimama kumrithi mama alikuwa baba mdogo. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, tumbo lake likitangulia mlangoni kabla yake, na watoto wote walimpenda. Lakini mama alipoletwa kwetu kama bibi arusi, baba mdogo alikuwa mtoto wa kutambaa uchi uani, na kazi ya kumwogesha ilimwangukia bibi arusi. Wazee walipomwita mama kumwuliza, alisimama mbele yao akainua kidole cha shahada.

"Huyo nimemwogesha," akasema. "Nimemfuta kamasi kwa kidole hiki. Leo nimtandikie kitanda?"

Wazee walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mama hakuwa anacheka. Mwisho walitoa neno. Mjane mwenye mtoto wa kiume anayejitegemea katika mji wake anaweza kwenda kukaa kwa mtoto wake. Lakini kijana anayelala katika nyumba ya vijana hana mji. Wakanipa muda mpaka mavuno yaishe, siku ambayo vitu vya baba vingegawiwa. Nikiwa na nyumba siku hiyo, mama ni wangu. Nisipokuwa nayo, atahamia kwa baba mdogo, ajifunge kanga mpya na kunyamaza.

Kwa hiyo nilikuwa na miezi miwili, barua ya sifa kutoka kwa mwalimu wangu wa misheni, na nguo hizi: kaptula moja ya kaki yenye kiraka cha rangi ya samawati makalioni, shati moja lililokuwa jeupe zamani, na shuka nyeusi ya lubega, ile tunayofunga begani, niliyochungia ng'ombe.

Mwalimu ndiye wa kwanza kunishauri. Alisema niende na kaptula yangu na shati langu, vimefuliwa vizuri, kwa sababu unyenyekevu ndio vazi la Mkristo. Nilimwuliza kama kiraka cha samawati nacho ni unyenyekevu. Alinitazama kwa huzuni akasema hasira yangu itanikosesha mengi. Alikuwa na haki kusema hivyo, lakini yeye alikuwa na suruali mbili ndefu na mimi sikuwa nayo hata moja.

Wa pili alikuwa baba mdogo. Alisikia habari, kwetu hakuna siri, akaja na kigoda chake akakaa mlangoni petu.

"Nenda na lubega yako," akaniambia. "Mzungu hapendi Msukuma aliyevaa kama yeye. Akikuona na lubega atakupa sururu, utachimba, utarudi na afya. Kazi ya kalamu itakukausha."

Nilijua kwa nini ananitakia sururu. Mwenye sururu analala kambini na wenzake ishirini, hana nyumba ya kumweka mama. Nilifungua mdomo nimjibu, mama akanikanyaga mguu. Baba mdogo hakuona. Yeye alikuwa anatazama juu, darini, mahali tulipokuwa tunaweka vitu.

"Shemeji," akamwambia mama, "lile koti la kaka liko wapi?"

"Limeliwa na mchwa," mama akajibu bila hata kugeuka, akaendelea kupepeta uwele.

Nilishtuka. Mama yangu hakuwa mwongo. Na koti lile nilikuwa nimeliona kwa macho yangu wiki ileile, zima, limeviringishwa ndani ya ngozi ya mbuzi.

Lazima nilieleze koti hilo. Baba alifanya kazi kwenye reli wakati inajengwa, akibeba mataruma, na msimamizi mmoja alipoondoka kurudi kwao alimwachia koti la sufu, jeusi, zito kama ndama aliyelowa. Lilikuwa na bitana ndani na mifuko minne, miwili juu na miwili chini. Baba alikuwa mtu mrefu mwenye mabega mapana, likamkaa. Alilivaa kwenye harusi, kwenye mabaraza ya mtemi, na asubuhi za baridi ya mwezi wa sita. Watu walipomwona kwa mbali walisema, "Koti linakuja." Kwa kawaida yetu, anayerithi mjane ndiye anayepokea na vazi la marehemu, ndipo watu wote wajue nyumba ile sasa ni ya nani. Baba mdogo hakuulizia koti kwa sababu ya baridi.

Siku ya pili yake nilikwenda Shinyanga kwa miguu kutafuta shauri la tatu. Palikuwa na fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja la nguo, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na misafara, na bibi yake alikuwa Mnyamwezi. Alikuwa amewashonea makarani wote wa mji ule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unaoa?"

"Naomba kazi."

"Ni yaleyale," akasema. Hakusimamisha cherehani. Nilimweleza kila kitu, akasikiliza, kisha akainuka akatoa kanzu nyeupe aliyokuwa amemshonea mteja ambaye hakuja kuichukua. "Vaa hii. Kazi ya kalamu inataka kanzu na kofia. Kanzu haina siri. Mtu akikutazama amekuona wote."

Niliivaa. Ilinikaa vizuri kweli, na mke wa fundi alipotoka ndani alipiga kigelegele akidhani ni bwana harusi. Hapo ndipo nikaona kosa lake. Wazungu wa Shinyanga niliowaona wote walikuwa na watu waliovaa kanzu, na watu hao walikuwa wamebeba sinia.

"Fundi," nikamwambia, "nikienda na kanzu bwana ataniagiza chai."

"Utamletea chai, kesho utamwandikia barua."

"Mimi sitaki kesho. Nina miezi miwili. Na hii kanzu ni ya watu. Cha kuazima hakisitiri matako."

Fundi alicheka mpaka akatoa miwani. Aliirudisha kanzu kwenye msumari akasema kijana mkaidi kama mimi afadhali aende uchi, angalau itajulikana mara moja ana wazimu. Nilirudi nyumbani nimekasirika na jua, nimekasirika na fundi, na zaidi nimejikasirikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimekataa nguo zote tatu na sikuwa na ya nne.

Mama alinisubiri nile kwanza. Kisha akapanda darini, akashuka na ngozi ya mbuzi, akaifungua miguuni kwangu.

"Hili," akasema.

Nilimwambia haiwezekani. Koti lilikuwa bado halijagawiwa. Mtoto anayevaa nguo ya marehemu kabla ukoo haujaketi ni kama ameiba kaburini, watu wangeweza kunitenga. Nilimwambia pia ni kubwa, mimi nimemfuata yeye kwa umbo, si baba. Yote hayo nilisema huku mkono wangu uko ndani ya mfuko wa juu wa koti, napima kama penseli itaenea.

"Ng'wanawane," mama akasema, yaani mwanangu, "wewe unakwenda kutafuta nyumba yako au yangu?"

"Yako, mayu."

"Basi nenda na mwenye nyumba."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mama alikuwa ameshavua zote siku aliyoinua kidole mbele ya wazee. Nilirudi kwa fundi na koti nimelificha ndani ya gunia. Safari hii hakucheka. Aliligeuza nje ndani, akapapasa bitana, akaniuliza ni la nani, nikamwambia.

"Nikilikata halirudi," akasema. "Mtu mkubwa hatalivaa tena."

"Kata."

Alipunguza mabega, akafupisha mikono, akaingiza mbavu. Alitaka pia kuondoa mifuko miwili ya chini kwa sababu kitambaa chake kingefaa kuimarishia mabega aliyoyakata. Nilikataa kabisa. Mawazo yangu yalikuwa haya: karani ni mfuko. Mchimbaji ana mikono, mpishi ana sufuria, karani ana mfuko wenye penseli inayochungulia. Nilikuwa na penseli moja, mifuko minne, na fahari ya kutosha kuijaza yote. Kaptula alinipa kiraka cha kaki kwa kaki, akakipiga pasi mpaka ukihitaji kukiona uambiwe kilipo.

Nilipofika nyumbani mama aliomba alikague koti. Alikaa nalo mchana kutwa kivulini na sindano, akisema pindo la fundi limelegea. Nilipita mara mbili nikamwona ameinama, anashona kwa nyuzi za karibukaribu, midomo ikitembea. Nilidhani anahesabu mishono.

Nilipanda lori la unga nikiwa na lubega yangu, kwa sababu vumbi la njia ile lingefanya sufu nyeusi kuwa nyekundu kabla ya Segese. Koti, kaptula na shati vilikuwa ndani ya mkeka uliofungwa kwa kamba, na nilivipakata njia nzima. Segese tulisimama kupoza injini. Mwanamke muuza viazi akaniuliza kama nimebeba mtoto mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, akanipa kiazi kimoja bure. Dhambi hiyo niliitubu baadaye.

Tulifika asubuhi ya siku ya pili. Nilioga kijitoni, nikavaa. Nilipofunga kifungo cha mwisho nilisikia harufu ya tumbaku ya baba ikitoka kwenye ukosi, baada ya mvua nzima. Nilisimama pale kijitoni kama mjinga, macho yamejaa. Kisha nikaingiza barua mfuko mmoja wa juu, penseli mfuko wa pili wa juu, nikapanda kilima. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na mimi nilikuwa nimevaa koti la watu wa theluji. Kufika langoni jasho lilikuwa linatiririka mpaka viatu, kama ningekuwa na viatu.

Waombaji wengine walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na kaptula nyeupe na soksi. Mwingine, kijana wa Tabora mwenye adabu, alikuwa na kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Alinisogezea nafasi kwenye gogo akaniuliza kama ninaumwa homa.

Langoni palikuwa na mlinzi wa makamo, Msumbwa, mwenye mikono mipana. Nyuma yake ilikuwa nyumba ya kupimia, mawe yaliyosagwa yakiwa yamepangwa ndani ya vifuko vya turubai, na hakuna aliyeingia wala kutoka asipapaswe. Waliniambia baadaye kwamba waliwahi kuingia watu na vipande vya shaba, wakatoka na vya dhahabu wakidai ndivyo walivyoingia navyo. Wa kanzu alipita kwa kupapaswa mara mbili tu. Wa kaptula nyeupe alivuliwa soksi. Ikafika zamu yangu, na mlinzi akanitazama kuanzia juu mpaka chini kama mtu aliyeletewa ng'ombe mwenye pembe nne.

"Wewe mwenye koti," akasema. "Mifuko yote hiyo ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi ipi? Huku hakuna mtu ana mfuko. Tazama."

Nilitazama. Ndani ya ua watu walikuwa wanapita na vifuko vya mawe mabegani, na ni kweli, kaptula zao zilikuwa zimeshonwa bila mfuko hata mmoja, hazina hata pindo chini, zimekatwa na kuachwa hivyo. Hata karani mzee aliyekuwa mlangoni na daftari alikuwa na penseli yake nyuma ya sikio. Pale mfuko ulikuwa alama ya mwizi. Na mimi nilikuwa nimekuja na minne, na nilikuwa nimegombana na fundi ili nije nayo.

Mlinzi alitoa mifuko yote nje ikaning'inia kama ndimi. Akaondoa barua, akaondoa penseli. Kisha akashuka na pindo la chini kwa vidole viwili, taratibu, na upande wa kushoto vidole vikasimama.

"Kuna kitu," akasema.

"Hakuna kitu."

"Kuna kitu kigumu. Bwana!"

Bwana alitoka. Alikuwa mtu mwembamba, ngozi ya shingo imeungua na jua, mikono imejaa vumbi la mawe. Alipapasa mwenyewe, akatoa kisu kidogo, na nikaona mishono ya mama ikikatwa mmoja mmoja. Ilikuwa ya karibukaribu sana, ilimchukua muda. Kikaanguka kijiti kimoja, kifupi kama kiungo cha kidole, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi, kimetobolewa katikati.

Nilikitambua. Sisi tunakiita pigi. Mganga humpa msafiri akifunge shingoni ili njia imrudishe kwake, na hiki alikivaa baba miaka yote ya reli. Mimi mwenyewe, nikiwa mwaka wa pili misheni, nilikuwa nimemwambia baba akitupe motoni. Hakukitupa. Nilidhani kilizikwa naye.

Watu walikuwa wamesimama kutazama. Wengine walicheka. Bwana alikishika kijiti kwa mkono mmoja na barua ya misheni kwa mkono mwingine, akaisoma. Barua ilisema mimi ni kijana niliyeacha mambo ya giza.

"Hii nini?" akauliza.

Kijana wa Tabora, aliyekuwa karibu yangu, aliniambia chinichini, "Sema umelinunua koti hivyohivyo. Sema hukijui."

Lilikuwa shauri jema, na nasema wazi kwamba nilitaka kulifuata. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ningesema sikijui, barua ingebaki kweli, koti lingekuwa la mtu yeyote, na nyumba yenye bati ingekuwa karibu. Nilikuwa na hasira na mama wakati ule, hasira kubwa, kwamba amenishonea aibu kwenye pindo na kunituma nayo mbele za watu. Kisha nikamkumbuka amekaa kivulini mchana kutwa, midomo ikitembea. Hakuwa anahesabu mishono. Alikuwa anazungumza na baba, anamwomba anifikishe. Nikikikana kile kijiti, nitaingia nyumba ile na nani?

"Ni cha baba yangu, bwana," nikasema, na nikasema kwa sauti, ili waliocheka wasikie. "Amekufa. Mama yangu amekishona humo bila kuniambia, ili nifike salama. Mimi ni mtu wa misheni na mwandiko wangu ni mzuri. Natafuta kazi hii kwa ajili yake."

Bwana aligeuza kijiti, akakinusa, hata leo sijui kwa nini. Akaniashiria nimfuate ndani. Pale mezani alichukua kifuko kitupu cha turubai, akatia kijiti ndani, akanisogezea kipande cha karatasi nene na penseli yangu mwenyewe.

"Andika," akasema. "Namba. Kitu gani. Kimetoka wapi. Kama jiwe."

Hilo ndilo lililokuwa jaribio la kazi, na kila mtu alipewa kitu chake, mimi nikapewa kile. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Nilivua koti nikaliweka sakafuni, sikumwomba ruhusa. Nikaandika kwa herufi zilizosimama vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika: Namba moja. Mti. Umetoka kwenye koti la baba yangu.

Aliisoma. Aliwaita wengine wawili wakaandika vyao, akavitazama vyote kwa pamoja. Kisha akafunga karatasi yangu kwenye kifuko, akakiweka rafuni, juu kabisa.

"Bwana," nikasema, "naomba kile."

"Kitu ikiingia hapa, haitoki," akasema. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile, kwa jiwe na kwa kila kitu, na hakuwa mtu wa kuvunja sheria zake. "Kesho kuja. Bila koti."

Kijana wa Tabora alichukuliwa pia, siku hiyohiyo, lakini nyumbani kwa bwana, mezani. Nilikuwa nimemwambia fundi kwamba kanzu itaagizwa chai. Sikufurahi kuwa nimesema kweli, maana alikuwa na moyo mzuri kuliko wangu.

Wiki kadhaa baadaye, mavuno yalipokwisha, nilipewa ruhusa ya siku chache. Nilirudi kwetu na ufunguo wa nyumba umening'inia shingoni kwa uzi, kwa sababu kaptula yangu mpya haikuwa na mahali pa kuutia. Ukoo ulikuwa umeketi. Wazee waliupokea ufunguo, wakaupitisha mkono kwa mkono, mmoja akaubwaga juu ya jiwe kusikia mlio wake. Wakakubaliana kwamba mwenye ufunguo ana mlango, na mwenye mlango ana mji.

Kisha nikafungua mkeka, nikalitoa koti mbele yao.

Mama aliinamisha kichwa. Wote walikumbuka habari ya mchwa. Nilisema koti hili ni la ukoo, nimelitumia kwa haja yangu na ya mama, na sasa nalirudisha kwa anayestahili, nikimwomba radhi. Nilimaanisha. Baba mdogo alikuwa anapoteza mbele ya watu, na hakuwa ametutendea ubaya wowote ila kufuata desturi. Aliinuka akajaribu kulivaa. Mikono iliishia kwenye viwiko, na kifungo na tundu lake havikukaribiana hata kidogo kwa sababu ya lile tumbo. Alijitazama kulia na kushoto.

"Mchwa hawa," akasema, "wanajua kushona."

Hapo watu walicheka, na yeye alicheka zaidi yao, na nilijua tumesamehewa. Alilivua ili lifanyiwe heshima yake, kwa sababu mjane ndiye anayepaswa kulikabidhi. Mama alilichukua akaanza kulikunja. Niliona vidole vyake vikishuka kwenye pindo, upande wa kushoto, vikafika mahali palipokatwa, vikasimama palepale viliposimama vya mlinzi.

"Kiko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie.

"Kazini, mayu. Kimewekwa rafuni, juu. Nimekiandikia karatasi kwa mkono wangu, ni cha baba."

"Wamempa mahali?"

"Wamempa. Na hawezi kutolewa."

Alinitazama kuona kama namdanganya. Kisha akamaliza kulikunja koti, akaliinua kwa mikono miwili, akampa yule mtu aliyemwogesha zamani.

"Chukua, shemeji," akasema. "Limebaki nguo tu."

Akaingia ndani kufunga mzigo wake.